Kurusha besiboli: mwendo mmoja kila mara

Warushaji chipukizi wengi huhangaikia mkono: kasi, mpira unaopinda. Tuanze na miguu, maana hata mwamuzi huangalia huko kwanza. Kanuni hazimlazimishi mrushaji kuwa na staili fulani. Zinamkataza kumhadaa mkimbiaji aliye kwenye besi. Ukizoea mwendo mmoja, makosa mengi hutayafanya.

Hatua ya 1: Mguu wa egemeo. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, ni mguu wa kulia. Uguse bamba jeupe la mrushaji, mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani. Bamba lina urefu wa sentimita 61. Chagua sehemu moja ubaki nayo. Ukihamahama, pembe ya mpira inabadilika na shabaha inapotea.

Hatua ya 2: Pokea ishara ya mdakaji, yule anayedaka mipira yako nyuma ya besi ya nyumbani.

Hatua ya 3: Kutulia. Hapa ndipo penye kazi. Wakiwepo wakimbiaji, kusanya mikono mbele ya mwili, kisha usimame kabisa. Kupunguza mwendo hakutoshi. Usiposimama ni boki, yaani kosa la mrushaji la kumhadaa mkimbiaji, na kila mkimbiaji anapewa besi moja bure. Mwaka 1988 ligi kuu ya Marekani ilikaza kanuni hii, na msimu huo ziliitwa boki 924.

Kutulia kuwepo kila mara, lakini muda wake ubadilike: leo sekunde moja, mrusho unaofuata tatu. Ukitulia kwa muda uleule siku zote, mkimbiaji atakuhesabia na kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata wakati unarusha. Mwili usibadilike, saa ibadilike. Wengi hufanya kinyume chake, na inaniuma kuona kipaji kikipotea hivyo.

Hatua ya 4: Ukianza, maliza. Ukishaanza mwendo wa kurusha nyumbani, usikatishe. Chora mstari mchangani kutoka bambani kuelekea kwa mdakaji, fanya mwendo wote bila mpira, kisha tazama alama ya mguu uliotua. Alama zikitapakaa, usiongeze kasi kwanza.

Maswali ya wanachama

*Kocha, mimi narusha kwa mkono wa pembeni. Ni halali?*
Halali kabisa. Chad Bradford alirusha ligi kuu mkono ukikaribia kugusa ardhi. Anayetoka kwenye kriketi huogopa kwa sababu kule kiwiko hupimwa, mwisho nyuzi 15. Besiboli haina kipimo hicho.

*Naweza kumtishia mkimbiaji wa besi ya kwanza bila kutupa?*
Ukiwa umegusa bamba, hapana. Piga hatua moja kwa moja kuelekea besi hiyo na utupe. Ukitaka uhuru, ondoa kwanza mguu wa egemeo kwa kuurudisha nyuma ya bamba. Hapo unahesabiwa kama mchezaji mwingine wa ndani. Besi ya tatu nayo ilikatazwa kutishiwa mwaka 2013. Iliyobaki ni ya pili.

*Kuruka mbele kidogo kabla ya kuachia mpira je?*
Usijifunze. Mrushaji Carter Capps aliruka hivyo, na kanuni zikafafanuliwa mwaka 2017: hakuna hatua ya pili kwenda nyumbani, wala kuhamisha mguu wa egemeo. Mwaka 2023 mrushaji Luis García wa Houston naye alilazimika kuacha mwendo wake wa kuyumba kama anayebembeleza mtoto. Kama hakuna mkimbiaji, mrusho wa namna hiyo huhesabiwa boli, yaani mrusho mbovu, kwa faida ya mpigaji. Akiwepo, ni boki.