Kabla ya kuizima SELinux (ulinzi wa Linux unaoruhusu au kukataza kwa kuangalia lebo za faili), angalia lebo
Ruhusa za faili ni 644 (kila mtu anaweza kusoma), mmiliki ni sahihi, bado Nginx, seva ya wavuti, inakurudishia 403 (umekatazwa)? Usikimbilie chmod 777, kumfungulia kila mtu kila kitu. Piga ls -Z kwanza, uzione lebo. Juzi hapa Kirumba nilihangaika toka asubuhi mpaka wauza dagaa wa Mwaloni wanaanua, kumbe picha nilizihamisha kwa mv kutoka /home. Faili likihamishwa hivyo ndani ya diski ileile hubaki na lebo yake ya zamani, user_home_t (ya faili za nyumbani kwa mtumiaji), iliyoandikwa kwenye sifa ya ziada iitwayo security.selinux. Ningetumia cp, nakala mpya ingechukua lebo ya folda inakoingia. Dawa yake: restorecon -Rv /var/www, inayorudisha lebo sahihi kwenye folda ya tovuti. Bado mbishi? ausearch -m avc -ts recent, inayosoma kumbukumbu za SELinux kukataza, inazitaja lebo zote mbili: ya Nginx na ya faili. Ukibeba faili kwa flashi, lakini, yenye mfumo wa faili wa FAT haibebi lebo kabisa. Zifungashe kwanza kwa tar --selinux, lebo zibaki ndani ya kifurushi.