Namna ya Kuomba Ruzuku ya Utafiti wa Tiba ya Dharura

Anayetafuta ruzuku ya utafiti wa tiba ya dharura akumbuke kwanza kwamba wafadhili wengi hugawa fedha kwa kufuata ugonjwa au kiungo cha mwili, wala si idara ya hospitali. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa mfano, hazina taasisi ya tiba ya dharura. Ofisi ya utafiti wa huduma za dharura iliyoanzishwa huko mwaka 2012 huratibu tu, nayo haitoi ruzuku. Kwa hiyo swali lako lipe jina la ugonjwa: mgonjwa wa kiharusi anayeletwa kwa bajaji usiku wa manane ni swali la ubongo na mishipa ya fahamu, na huko ndiko andiko lipelekwe.

Bajeti, kwa maoni yangu, ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa zaidi. Majeruhi hawaji saa za kazi tu; hivyo weka posho ya wakusanyaji takwimu wa zamu ya usiku pamoja na nauli yao ya alfajiri, la sivyo utawapata wagonjwa wa mchana peke yao. Tenga pia fedha za kuwafuatilia kwa simu, ukichukua namba ya mgonjwa na ya ndugu yake.

Kwa utafiti unaofanyika Tanzania, ada ya kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) iingizwe tangu mwanzo, na mtafiti mgeni aongeze ada ya kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Mwisho, eleza waziwazi ridhaa ya mgonjwa asiyejitambua itatolewa na nani.