Malaika si wimbo wa kukata keki: namna ya kuupiga ukumbini

Nina miaka 19 napiga gita kwenye harusi za Mwanza. Kirumba, Nyakato, Igoma, kumbi za ufukweni, na mara nyingine tunavuka maji kwenda Sengerema na vyombo vyote juu ya kivuko. Haupiti mwezi bila mtu wa kamati kunipigia simu: "Kaka, msisahau Malaika, bibi harusi anaupenda sana." Nawaandikia vijana wanaoanza bendi, maana wimbo huu ndio unaoonekana rahisi kuliko zote, na ndio niliousikia ukiharibiwa kuliko zote. Mimi mwenyewe nimeuharibu kwa miaka mingi.

Usianze na gita. Anza na maneno, uyasome polepole kama barua uliyoandikiwa wewe. Kuna kijana, kuna binti anayempenda, na kijana hana mali. Habari yenyewe ni hiyo tu. Litazame neno "ningekuoa", uiangalie ile "nge" iliyokaa katikati. Hakuna ndoa hapo. Angemuoa, kama angekuwa nacho. Hakuna ubeti hata mmoja anapofika kwao na posa ikapokelewa.

Sasa sisi tunauchukua wimbo huo, tunauongezea mwendo, dramu zinapasuka, keki inakatwa, watu wanapiga vigelegele. Nilifanya hivyo Magu, kwenye harusi ya binti wa mfanyabiashara wa pamba. Katikati ya wimbo mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaja mbele kututunza. Akaniwekea noti ya elfu tano mfuko wa shati, akaniinamia sikioni, akasema, "Kijana, punguza mwendo. Huyo mtu hana ng'ombe." Akarudi kukaa. Niliumaliza ule wimbo mikono ikiwa mizito.

Maana huku kwetu Usukuma ukisema mali kwenye mambo ya kuoa, mzee hafikirii noti. Anafikiria ng'ombe, anawahesabu, anauliza madume wangapi na majike wangapi. Mimi nilipooa nilipeleka kwa mafungu, na mpaka leo ukweni kwangu Ngudu nadaiwa wawili. Mke wangu akinisikia nafanya mazoezi ya wimbo huu pale nyumbani Buzuruga huwa anacheka jikoni: "Umeanza tena na deni lako." Basi ukitaka ushauri wangu wa kwanza, ndio huo. Ukiimba, kuwa na deni kichwani. Lolote, hata la duka.

Kuna MC wengine wana tabia ya kukukabidhi maiki ghafla useme neno juu ya wimbo. Usisimame pale ukasema ni wimbo wa Miriam Makeba, kama nilivyowahi kusema. Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, aliupeleka mbali, lakini aliukuta. Rekodi iliyoutangaza huku kwetu ni ya Fadhili William, Mkenya wa Taita, aliyeupiga Nairobi na bendi ya Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makeba na Mmarekani Harry Belafonte wakauweka kwenye albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, ile iliyopata Grammy. Kundi la disko la Boney M wakautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauimba kwenye albamu yake Logozo ya mwaka 1991. Nani aliutunga? Hapo uwe na adabu ya maneno. Fadhili alisema ni wake. Wapo wanaomtaja Adam Salim, kwamba aliutunga Nairobi miaka ya 1940 kwa ajili ya binti aliyempenda wakamnyima. Wapo wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa, na wapo wanaomtaja Grant Charo. Ukumbini sema tu kwamba Fadhili ndiye aliyeurekodi ukajulikana, na kwamba utunzi wake una ubishi. Ukijifanya hakimu, kuna mzee atasimama kukupinga na chakula kitapoa. Wimbo wa mtu asiye na mali, na wenyewe wamegombania umiliki wake miaka yote hiyo!

Kwa mazoezi, sikiliza ule wa Fadhili kwanza, tena wiki nzima, kabla ya mwingine wowote. Sauti yake haijikazi. Gita nalo linatembea jepesi pembeni yake, kama mtu anayemsindikiza rafiki bila kumuuliza maswali. Kisha msikilize Makeba upate namna ya kulivuta neno bila kulikatisha. Ule wa Boney M usikilize mara moja tu. Sina ugomvi nao, watu walicheza sana, ila ukiukalisha kichwani mpiga dramu wako atauleta ukumbini na hutamzuia.

Upigaji wenyewe hauna makuu. Kodi tatu, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinatosha. Ukishika C, basi utazunguka C, F na G mpaka mwisho. Anayekwambia uweke kodi kumi na moja za kanisani anataka kuonyesha vidole vyake. Kazi kubwa ni kuchagua ufunguo, yaani wimbo uanzie juu au chini kiasi gani. Vijana wengi huchagua kwa mstari wa kwanza, sauti inakaa vizuri, wanafurahi, halafu wakifika juu mwimbaji anakaba kama kuku. Tafuta kwanza mahali pa juu kabisa pa wimbo, mwimbaji apaimbe akiwa ameketi na ametulia. Akilazimika kusimama au kukunja uso, shusha. Akiwa mwanamke na gita limezoea ufunguo wa mwanamume, kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi kwenye shingo ya gita, itakuokoa, hamna haja ya kujifunza upya.

Mwendo: vinanda vingi vya bendi vina mdundo wa rumba uliowekwa tayari, na ukiubonyeza unakuja na mbio. Chetu huanzia mapigo 120 kwa dakika. Sisi tunaushusha mpaka 88, tunazima vile visahani vinavyolia tss tss, tunaacha besi na gita. Mpiga solo mwambie asijibu kila mstari. Ajibu pale tu mwimbaji anapovuta pumzi, noti tatu nne, anyamaze. Wa kwetu alikuwa anajaza kila nafasi, ikabidi nimpe kazi ya kushika chupa ya maji mkononi ubeti wote wa kwanza. Alikasirika. Siku hizi anafanya hivyo mwenyewe.

Nitakaa kidogo kwenye matamshi kwa sababu hapo ndipo watu wa huku tunaaibika. Msukuma akijisahau, "roho" inakuwa "loho". Kwenye ubeti wa pesa neno hilo ndilo linalobeba uzito wote, ukilikosea wageni kutoka Dar wanatazamana. Mwimbaji wetu wa zamani, Msukuma wa Kwimba kama mimi, alikuwa anaandika R kubwa kwa kalamu kwenye kiganja chake. Kisha kuna ule mstari wa kidege. Wapo wanaoimba "nakuwaza" na wapo wanaoimba "hukuwaza". Ukiimba "hukuwaza", jua unachokisema, maana neno hilo lina sura mbili. Linaweza kuwa hu ya desturi: kila siku nakuwaza. Linaweza pia kuwa lawama: wewe hukuwaza, hukufikiria. Maandishi ni yaleyale, kinachotofautisha ni moyo wa anayeimba. Nimesikia kijana mmoja akiliimba kwa hasira, kidole kimenyooshwa, bibi harusi wa watu akaangalia chini. Uimbe kwa upole, kama unamwambia ndege aliyetua dirishani. Na kama hujiamini, imba "nakuwaza", hakuna atakayekushtaki.

Halafu swali la wapi uuweke kwenye ratiba. Si wakati maharusi wanaingia. Si wakati wa shampeni, wala wa keki, na wakati wa zawadi ndio kabisa usithubutu: akina mama wanakuja na vitenge na masufuria wakicheza, wewe unawaletea huzuni, watakukata jicho. Mahali pake ni chakula. Watu wako kwenye foleni ya pilau, wengine wameshakaa na sato wao, kelele zimeshuka, na hakuna anayetegemewa kucheza. Hapo utaona jambo. Wazee wataacha kutafuna kidogo. Baba wa bwana harusi, ambaye miezi sita amekimbizana na mahari, atakutazama. Kamati ikikwambia bibi harusi anautaka wakati wa keki, usibishane naye siku yake ya harusi. Mpe gita peke yake bila dramu, ubeti mmoja, kisha geukia wimbo wenye "nimempata" ndani yake. Ule kamili muwekee kwenye chakula.

Kumbi za ufukweni zina adha yake. Kuna misimu wadudu wa ziwani wanatoka majini kama moshi, na wanapenda taa kuliko sisi tunavyopenda malipo. Wimbo wa haraka unaweza kuuimba meno yakiwa karibu karibu. Malaika una neno refu la kufungua mdomo mwanzo kabisa, na nimemeza mdudu kwenye silabi ya pili mbele ya watu mia tatu. Nilikohoa, besi ikaendelea, watu wakadhani nimelemewa na hisia. Mama mmoja akanipa leso. Siku hizi naomba taa ya jukwaani izimwe, iwashwe ya pembeni, hatua kumi mbali nasi. Wadudu wanahamia huko, nasi tunaimba gizani, na kwa wimbo huu giza halidhuru.

Umeme nao ukikatika katikati, msiache. Zimeni vinanda, mpiga gita asogee mezani kwa wazee na gita kavu, mwimbaji amfuate bila maiki. Mara mbili imenitokea, na zote mbili ukumbi mzima uliimba. Kila mtu anayajua maneno, hata anayedai hajui.

Mkimaliza, msimalize kwa kishindo. Gita linyamaze kwanza, besi ipige mara mbili, basi. Usiunganishe na singeli palepale, hata MC akikukonyeza. Hesabu mpaka kumi, unywe maji, uangalie kama yupo mzee anayekuja mbele na noti mkononi. Kama yupo, inama akwambie anachotaka kusema, ndipo umrudishie MC maiki yake.