Osha kabati kabla ya kupiga msasa

Nimemaliza kupaka rangi milango ya makabati ya jikoni, na kilichonisaidia zaidi ni hiki: toa mafuta kwanza, ndipo upige msasa. Mlango ulio juu ya jiko, na hasa pale vidole vinaposhika kila siku, umebeba mafuta ya kukaangia ya miaka. Ukiusugua hivyohivyo, msasa unayasambaza na kuyashindilia kwenye vinyweleo vya mbao. Rangi ikipita juu yake inajikunja na kuacha vidoa vya mviringo kama macho ya samaki, au baada ya muda inabanduka hata kwa ukucha.

Tumia sabuni ya vyombo katika maji ya moto na kitambaa kilichokamuliwa sana. Rudia kwa maji safi, maana sabuni iliyobaki nayo inazuia rangi kushika. Pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu: kikitoka na umanjano, osha tena. Acha ikauke hadi kesho yake, kisha msasa namba 180, futa vumbi, paka praima (rangi ya msingi ya kushikia rangi ya juu).

Kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) iliyochubuka kingoni usitumie maji, inavimba na hairudi. Hiyo ifute kwa tapentaini, madirisha wazi na moto umezimwa. Na kama mlango umewahi kung'arishwa kwa dawa yenye silikoni, sabuni peke yake haitoshi; utahitaji tabaka la shelaki (aina ya vanishi ya kuziba) kabla ya rangi.