Kabla ya kumpeleka mtoto mdogo Versailles

Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu au minne, amua mapema sehemu zipi hamtaziona. Eneo zima la Versailles, kasri la zamani la wafalme wa Ufaransa karibu na Paris, lina hekta 800 hivi, na miguu ya mtoto haiwezi kulimaliza kwa siku moja. Mimi ningelitengea kasri lenyewe saa moja tu, muda uliobaki wote uende bustanini na kwenye Kijiji cha Malkia.

Chagua siku kwa makini. Jumatatu kasri hufungwa. Jumanne hufungwa makumbusho ya Louvre, kwa hiyo watalii waliopo Paris humiminikia huku. Iepuke ukiweza, na wikendi pia. Wenye umri chini ya miaka 18 huingia kasri bure, lakini wewe kata tiketi mtandaoni yenye saa ya kuingia. Chukua ya saa tatu asubuhi, milango inapofunguliwa, maana foleni ya ukaguzi iko uani, juani, na mtoto aliyechoka kabla hajaingia hatafurahia chochote.

Kigari usikitegemee. Ua umetandazwa mawe yanayotikisa magurudumu, na ndani vyumba hufurika watu. Mbeleko zenye fremu ya chuma haziruhusiwi kasrini. Kitenge au khanga imara ya kumbebea mgongoni itakufaa zaidi, na akisinzia utaendelea kutembea. Mlishe na umpeleke chooni kabla ya kuanza mzunguko, kwa sababu vyumbani hakuna kula, na kurudi nyuma katikati ya umati ni kazi ngumu.

Ndani, nendeni moja kwa moja hadi Ukumbi wa Vioo. Una urefu wa mita 73 na vioo 357, na hapo ndipo uliposainiwa mkataba wa amani na Ujerumani mwaka 1919. Habari za mkataba zitamsubiri akue. Kwa sasa mwache ajitafute kwenye vioo na ahesabu taa zinazoning'inia. Mshike mkono muda wote, na mkubaliane mapema mtakutana wapi mkipoteana.

Kisha tokeni nje, mle, mpumzike. Trianon, yaani makasri madogo yaliyo ndani ya eneo hilo, na Kijiji cha Malkia hufunguliwa saa sita mchana. Kijiji hicho kilijengwa kwa ajili ya Marie-Antoinette, malkia wa Ufaransa, miaka ya 1780, na hadi leo kina shamba lenye mbuzi, kondoo na kuku. Hapa msimharakishe. Mtoto anayeishi ghorofani mjini anaweza kusimama kwenye uzio wa mbuzi nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ina thamani kuliko vyumba kumi vya dhahabu.

Weka akiba ya nguvu na ya fedha kwa ajili ya kurudi. Kutoka kijijini hadi kituo cha RER C, treni ya kurudi Paris, ni zaidi ya kilomita mbili. Kuna kitreni cha kulipia kinachounganisha Trianon na kasri. Ulizia mapema safari yake ya mwisho ni saa ngapi. Mkobani weka maji, kofia, nepi au nguo ya kubadilisha, na koti jepesi, kwani bustani ni wazi na mvua ikinyesha mahali pa kujikinga pako mbali.