Gadi chipukizi anayekosa mitupo: pa kuanzia kumrekebisha

Kijana wa kidato cha pili anacheza mpira wa kikapu kama gadi, yule mchezaji anayeuongoza mpira. Ana mbio, anaiona pasi kabla ya wenzake, hamwogopi mtu, lakini akishuti mpira unagonga ringi na kurudi. Kila aliyesimama pembeni ya uwanja ana dawa yake. Huyu anasema kunja goti, yule nyoosha mkono, mwingine tazama ukingo wa mbele wa ringi. Jioni moja anapokea maelekezo sita, anarudi nyumbani akishuti vibaya kuliko alivyokuja.

Mwache kwanza. Angalia mpira unakosea upande gani, kwa sababu kila kosa lina chimbuko lake, na dawa ya mpira unaopungua haitibu mpira unaokwenda kando.

Mitupo 50 na daftari

Piga alama za chaki sehemu tano, kila moja mita 4 kutoka chini ya ringi: pembe mbili, ubavu wa kulia na wa kushoto, na katikati. Kila sehemu mitupo 10. Mmoja akae chini ya ringi kurudisha mpira, mwingine asimame nyuma ya mtupaji na daftari, maana mpira unaokwenda kando huonekana vizuri ukiwa nyuma yake. Andika I ukiingia, P ukipungua, Z ukizidi, H ukienda kushoto, L ukienda kulia. Ulioingia kwa kugonga ubao bila kukusudia, andika I na uuzungushie duara. Huo ni wa bahati.

Daftari likijaa P na Z lakini mpira unakwenda moja kwa moja, shukuru. Mkono ni mzima, tatizo liko kwenye miguu na urefu wa upinde ambao mpira unauchora hewani. P zikijikusanya kwenye mitupo 20 ya mwisho ni uchovu. Zikianza tangu mtupo wa kwanza, kijana anasukuma mpira mzito kuliko nguvu zake, au anautupa chini chini.

H na L ndizo za kukuhangaisha. Kwa anayetumia mkono wa kulia, H nyingi mara nyingi hutokana na kiwiko kilichotanuka nje: mkono unapita mbele ya uso na kuupeleka mpira kushoto. L nyingi, mtazame kidole gumba cha mkono wa kushoto, ule wa kuegemeza, kwa kuwa huenda kinausukuma mpira dakika ya mwisho. Zikichanganyika H na L pasipo mpangilio, tazama miguu: kila mara anasimama kivingine.

Kagua ringi na mpira kabla ya kumlaumu mtoto

Viwanja vingi vya Arusha na Moshi ni sakafu ya saruji iliyo wazi, na nguzo ya chuma inayoningʼiniwa na watoto mwaka mzima. Chukua tepu ya fundi. Ringi iwe mita 3.05 kutoka chini, na upime mbele na nyuma. Ikiwa mbele imelala, mdomo wake umemwelekea mtupaji, na mtupo bapa unaingia kwa urahisi usiostahili. Kijana anayejifunzia hapo atafika kwenye mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA, akute ringi iliyonyooka, na kila mpira utagonga chuma cha mbele. Ukiweza kuinyoosha kwa fundi wa kuchomelea, fanya hivyo. Ukishindwa, atumie ringi ya upande wa pili.

Ringi isiyo na neti nayo ina hasara. Jicho hukosa kitu cha kupimia kina, na mabishano ya umeingia haujaingia hula muda. Kamba ya manila inatosha kufuma neti. Ringi rasmi ina sehemu 12 za kufungia.

Kisha mpira. Namba 7 una uzito wa karibu gramu 600, namba 6 karibu 530. Gramu 70 zinaonekana chache mpaka uone mvulana wa miaka 12 akiuanzisha mpira kiunoni ili ufike. Namba 6 ndio wa wanawake, na mvulana mdogo mwembamba hapungukiwi heshima kuutumia. Upepo wa ndani ya mpira nao upime: dondosha mpira kutoka mita 1.80, na sehemu yake ya chini irudi juu kidogo ya mita 1. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na asubuhi za Juni na Julai baridi hunyongʼonyeza mpira uliokuwa sawa mchana wa jana. Kaa na pampu. Kaa pia na kitambaa kibichi, kwa sababu vumbi likishashika ngozi ya mpira vidole huteleza, na kijana huanza kuubana kwa kiganja bila kujijua.

Kuujenga mtupo upya, mita 2 kutoka ringi

Hapa ndipo wengi hukosa subira. Gadi anataka kushuti kutoka mbali kama wale anaowaona kwenye simu, na kocha anataka ashinde mechi ya Jumamosi. Mtupo hautengenezwi kwa mbali. Akiwa mita 2 hahitaji nguvu, kwa hiyo mkono una nafasi ya kujifunza njia yake.

Aanze kwa mkono mmoja. Mkono wa kuegemeza auweke nyuma ya mgongo. Miguu upana wa mabega, wa upande wa mkono wa kutupia umetangulia kidogo, kama nusu ya kiatu. Mpira ukae kwenye vidole na kwenye ile nyama iliyo chini yake, pawe na upenyo wa kupitisha kidole kati ya mpira na katikati ya kiganja. Kiwiko chini ya mpira. Magoti yakunjwe kwanza, na mpira uanze kupanda pale magoti yanaponyooka, visipishane. Mwisho mkono unyooke, kifundo cha mkono kivunjike, yaani kikunjike mbele, vidole vielekee ndani ya ringi na vibaki hapo mpaka mpira uguse kitu.

Ukitaka kujua kama mkono unasema kweli, tazama mistari ya mpira. Aushike ili vidole vikate mistari mirefu kwa upana, halafu umtazame ukiwa nyuma yake. Mpira uliotoka vizuri huzunguka kurudi nyuma, na mistari hupita mmoja baada ya mwingine kwa utulivu. Ulioguswa na kidole gumba cha pili huyumba kama sarafu inayokaribia kulala. Mistari myeusi ikififia, ichore upya kwa kalamu ya wino mzito. Kijana akishauona myumbo huo kwa macho yake, hutahitaji kumwambia tena kuhusu kidole gumba.

Baada ya siku tatu au nne rudisha mkono wa pili. Uguse ubavu wa mpira tu, na uachie kabla ya kifundo kuvunjika. Kidole kikiendelea kusukuma, kifunge pamoja na cha shahada kwa mpira wa kufungia noti, bila kukaza, kwa mitupo 20.

Upinde una hesabu yake. Ringi ina upana wa takriban sentimita 45, mpira takriban 24. Mpira unaoshuka kwa nyuzi 45 unakuta upenyo wa karibu sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 30 upenyo unabaki sentimita 22 na nusu, yaani hauwezi kupita bila kugonga chuma. Ndiyo maana mitupo bapa inalia kwenye ringi hata ikiwa imenyooka. Msimamishe mwenzake mita 1 mbele ya mtupaji, ameinua fagio la mpini mrefu, na mpira upite juu yake.

Hatua ya kurudi nyuma ina sharti: 8 kati ya 10, mara tatu mfululizo. Akifikisha, arudi hatua moja. Asipofikisha, abaki alipo hata wiki nzima. Mitupo 150 kwa siku, siku nne au tano za wiki, inatosha. Anayetupa 400 akiwa hoi anajifundisha kutupa akiwa amepinda. Masomo yakiisha saa kumi, giza huingia saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mitupo itangulie na mechi ya mazoezi ifuate.

Mstari wa pointi tatu, ulio mita 6.75 kutoka ringi ukipimwa katikati, usiguswe mpaka afikishe sharti hilo kwenye mstari wa mitupo huru. Na mitupo huru yenyewe asiipige 50 akiwa amesimama pale pale. Kwenye mechi utapata miwili ukihema. Akimbie uwanja mzima kwenda na kurudi, apige miwili, akimbie tena. Mara 10.

Miguu kabla ya mpira

Gadi hupata mitupo ya aina mbili, na makosa yake hayafanani. Kwenye pasi, kosa ni kusubiri mpira ufike ndipo akunje magoti. Akae amekunja tayari, viganja vikionekana, na mguu wa kwanza utue chini wakati mpira bado uko hewani. Ukishafika, mguu wa pili unafunga na mtupo unapanda. Kwenye dribo, kosa ni kuelea mbele. Kipigo cha mwisho kiwe kizito kuliko vyote, ili mpira urudi wenyewe mpaka mfukoni mwa mtupo, karibu na nyonga ya kulia, na mguu wa ndani ukanyage kwa kisigino kuvunja mwendo. Chora duara la chaki. Akitua nje ya duara alilorukia, mtupo huo usihesabiwe hata ukiingia. Kwenye saruji yenye vumbi fagia kwanza sehemu hiyo, kwa kuwa kiatu kinachoteleza humfundisha kusimama wima kwa woga.

Wapinzani wakimwachia nafasi

Mtupo huchukua miezi kutengemaa, na mechi hazisubiri. Wapinzani watagundua mapema. Mlinzi wake atarudi nyuma mita 2, na mwenzake akimwekea skrini, yaani akisimama kumzibia mlinzi njia, mlinzi atapita chini yake, upande wa ringi. Kijana akishajua anadharauliwa, ama anashuti kwa hasira ama anaogopa kabisa. Mpe kazi nyingine.

Nafasi ile ni barabara ya kupatia mwendo. Aiendee miguu ya mlinzi kwa kasi, abadili mkono akiwa karibu naye kiasi cha kumgusa, na bega lipite kwenye nyonga ya mlinzi. Mlinzi akipita chini ya skrini, aliyeiweka ageuke aiweke tena, mita moja karibu zaidi na ringi. Mara ya pili mlinzi amechelewa. Baada ya kutoa pasi asisimame kuishangaa. Akate kwenda ringi, kwa sababu mlinzi aliyemwacha huwa ameugeukia mpira.

Umaliziaji wa karibu ufundishwe kwa mikono yote miwili. Leiapu, yaani mitupo ya karibu ya kuikimbilia ringi, 20 kulia, 20 kushoto kila siku, na akitokea upande wa nyuzi 45 atumie ubao, akilenga kona ya juu ya lile boksi lililochorwa ubaoni la sentimita 59 kwa 45, upande aliotokea. Mrefu akimsubiri chini ya ringi, atumie floata: aruke kwa miguu miwili mita 2 hadi 3 kutoka ringi, mpira upande juu kwa kifundo laini, usisukumwe mbele.

Kisha mfanyishe hesabu mwenyewe. Mtupo wa pointi tatu unaoingia asilimia 25 una thamani ya pointi 0.75. Wa pointi mbili wa kutoka mbali, kwa asilimia 35, ni 0.7. Leiapu kwa asilimia 55 ni 1.1. Akichezewa rafu akapata mitupo huru miwili anayoiingiza kwa asilimia 65, ni 1.3. Gadi anayeijua hesabu hii anapanda bila kubadilisha chochote mkononi mwake.

Jason Kidd wa Marekani alimaliza msimu wake wa kwanza wa NBA, 1994–95, akiingiza asilimia 27 tu ya mitupo ya pointi tatu. Aliipeleka New Jersey Nets fainali mwaka 2002 na 2003 kwa pasi, rebaundi (kudaka mipira iliyokosa) na ulinzi. Alipostaafu mwaka 2013, ni wachezaji wawili tu waliokuwa wameingiza mitupo mingi ya pointi tatu kuliko yeye kwenye historia ya ligi hiyo.

Kwa hiyo neno moja lisitoke kwenye benchi: “Usishuti!” Likishatoka, kijana atausita hata mtupo aliouandaa vizuri, na mkono unaosita hupunguza mpira. Kubalianeni kabla ya mechi ni mitupo ipi ni yake, kwa mfano akiwa peke yake ndani ya mita 5 na miguu imetulia. Huo aupige kila mara, uingie usiingie. “Mwanangu, ule ulikuwa wako,” mwambie hata ukikosa. Mingine yote, atoe pasi.

Masika ya Machi hadi Mei yakifunga uwanja, alale chali sakafuni na kuurusha mpira juu kwa mkono mmoja, mitupo 100. Ukirudi kiganjani bila yeye kusogeza mkono, umenyooka. Ukimwangukia usoni au begani, kiwiko kimetanuka tena.

Baada ya wiki sita rudia ile hesabu ya 50: alama zile zile, mpira ule ule, saa ile ile ya jioni, mtu yule yule nyuma na daftari. Idadi ya I huenda ikawa imepanda kidogo tu. Tazama kwanza H na L. Zikiwa zimepungua na nafasi yake imechukuliwa na P, mkono umepona, na sasa mnaweza kuanza kazi ya miguu na kurudi nyuma hatua kwa hatua.