Kutoka Hatimiliki ya Shamba hadi kwa John Locke: Namna ya Kufuatilia Fikra Zilizojenga Ulimwengu wa Leo

Watu wengi wanaotaka kujua jinsi wanafalsafa walivyoujenga ulimwengu wa leo huanzia mahali pasipofaa. Hufungua kitabu kinachoanza na Ugiriki ya kale, wakapita kwa Thales na Socrates, na kabla ya kumfikia mtu yeyote ambaye fikra zake zimo katika sheria zinazowatawala, huwa wamekwisha kuchoka na kukiweka kitabu kando. Mwongozo huu unapendekeza njia iliyo kinyume: uanze na kitu kimoja kinachoamua maisha ya watu hapa Nakuru, Kisumu au Kakamega, kitu chenye maandishi na muhuri, kisha urudi nyuma ukiuliza kila mara ni nani aliyekileta, hadi umfikie aliyekifikiri. Kazi hii yaweza kufanywa na msomaji mmoja, lakini hunoga zaidi ikifanywa na kikundi kidogo kinachokutana maktabani, kwa kuwa inahitaji mabishano.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni hatimiliki ya shamba, nao utatufikisha kwa John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya kumi na saba. Ukiishika mkononi utaona ina nambari ya kiwanja, jina la eneo la usajili, ukubwa kwa hekta, nambari ya ramani na jina la mwenyewe, wala haina neno lolote kuhusu nani alifyeka pori hilo, nani amezikwa hapo, au ua wa mnyaa ulipandwa na babu yupi. Majirani wote wanaweza kuyajua hayo, lakini mnunuzi makini huenda kwanza ofisi ya ardhi kufanya sachi, na kinachosomeka katika rejista ndicho humtuliza. Andika basi swali lako kutokana na jambo hilo. Usiandike "Locke alichangia nini?", kwa sababu swali la namna hiyo hujibiwa kwa kunakili ensaiklopidia. Andika: "Kwa nini rejista ndiyo inayoamua shamba ni la nani, na lilianza lini kuwa jambo la kawaida kwamba mtu mmoja aweza kumiliki ardhi peke yake na kuwazuia wengine wote?" Swali lenye "lini" na "kwa nini" hukulazimisha kutafuta ushahidi.

Hatua inayofuata ni kurudi nyuma kwa nyaraka, na hapa sheria ni msaada mkubwa kuliko vitabu vya falsafa. Sheria mpya inayochukua nafasi ya nyingine huwa na kifungu, aghalabu karibu na mwisho, kinachotaja sheria zinazofutwa. Ukikifuata kifungu hicho utavutwa nyuma bila kupotea. Katiba ya 2010, katika ibara ya 40, inalinda haki ya kumiliki mali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilizifuta sheria kadhaa za awali, mojawapo ikiwa sheria ya India ya 1882 kuhusu uhamishaji wa mali, ambayo ilikuwa imetumika Kenya muda wote huo ingawa wengi wetu hatukuwahi kuisikia. Nyingine iliyofutwa ni Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963. Nyuma ya hiyo kuna mpango wa Swynnerton wa 1954, ulionuia kuunganisha vipande vya ardhi vya Waafrika na kuvisajili kwa majina ya watu binafsi. Na nyuma zaidi kuna sheria za ardhi ya Ufalme za 1902 na 1915, ambazo ndizo zilizowapa walowezi wa Nakuru na nyanda za juu mashamba yao, ile ya pili ikiruhusu mikataba ya kukodi ya miaka 999. Sheria nyingi kati ya hizi husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, na nyaraka za utawala wa kikoloni zimehifadhiwa katika ofisi za Nyaraka za Taifa, zikiwemo za Nakuru na Kakamega.

Ukifika mwanzoni mwa karne ya ishirini, uliza: je, maofisa wa kikoloni hawakuona haya kuiita ardhi ya watu "tupu"? Hawakuona haya, kwa sababu walikuwa na hoja, na hoja hiyo ina umri. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali ya Uingereza walitoa maoni kwamba katika himaya ambayo kwa macho yao haikuwa na serikali iliyotulia, Ufalme ungeweza kuichukua ardhi isiyokaliwa na isiyolimwa. Mwaka 1758 Emer de Vattel, mwanasheria wa Uswisi, alikuwa ameandika kwamba kila taifa lina wajibu wa kulima ardhi yake, na kwamba wanaohamahama katika maeneo mapana hawana haki ya kulalamika wengine wakija kukaa katika sehemu yake. Na mwishoni mwa 1689, katika kitabu chake Two Treatises of Government, ambacho jalada lake linasema 1690, John Locke alikuwa ametoa hoja iliyo maarufu kuliko zote. Dunia, alisema, ilitolewa kwa wanadamu wote kwa pamoja, lakini kila mtu anaumiliki mwili wake na kazi ya mikono yake. Kwa hiyo anapolima na kuboresha kipande cha ardhi, huwa amekichanganya na kazi yake na kukitoa katika mali ya wote.

Msome Locke mwenyewe hapa, sura ya tano ya sehemu ya pili ya kitabu hicho, wala usitosheke na muhtasari, kwa sababu muhtasari huacha mambo mawili. Kwanza, aliweka masharti: mtu achukue pale tu ambapo wengine watabakiziwa ardhi ya kutosha na nzuri vilevile, na asichukue zaidi ya anachoweza kutumia kabla hakijaoza, ingawa baadaye anaongeza kwamba fedha, kwa kuwa haiozi, inalilegeza sharti hili la pili. Pili, mfano wake wa ardhi isiyofanyiwa kazi ni Marekani ya wenyeji wake wa asili, na Locke hakuwa mtazamaji tu wa mambo hayo: alikuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, na aliwekeza fedha katika Royal African Company, kampuni iliyouza watumwa. Jambo hili halibatilishi hoja yake. Linamlazimu msomaji aulize ni nani aliyefaidika na hoja ilipoanza kutumika, swali ambalo linamhusu kila mwanafalsafa, awe wa Ulaya au wa kwetu.

Sasa ujizuie. Si haki kuandika kwamba Locke ndiye aliyewanyang'anya watu ardhi ya Bonde la Ufa, eti kwa sababu tu maneno ya maofisa yanafanana na yake. Kufanana si kurithi. Maofisa wengi hawakuhitaji kumsoma. Fikra hiyo ilikuwa imekwisha kuwa mazoea ya mahakama na ofisi za Uingereza kwa zaidi ya miaka mia mbili, na mazoea hayahitaji mwandishi. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba hoja ya kulima kama chanzo cha haki ilikuwapo, ilikuwa na heshima, na ilipatikana kwa yeyote aliyeihitaji. Pima masharti ya Locke dhidi ya matendo: sheria ya 1930 iliahidi kuwalindia Waafrika ardhi ya maeneo yao daima, na ikataka ardhi yoyote itakayochukuliwa ilipwe kwa ardhi nyingine, lakini dhahabu ilipopatikana Kakamega, sheria ilirekebishwa mwaka 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa bila fidia ya namna hiyo na bila kushauriana na baraza la wenyeji. Sharti la kuwabakizia wengine ardhi ya kutosha na nzuri vilevile lilivunjwa hadharani, na waliolivunja walikuwa warithi wa lugha ile ile ya haki ya mali.

Usiishie hapo, maana waliopokea fikra hawakukaa kimya. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba, kwa mujibu wa sheria ya 1915 na hatua ya 1920 ya kuifanya Kenya koloni, Waafrika walikuwa wapangaji tu wa Ufalme wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Tarehe 23 Desemba mwaka huo huo watu walikusanyika Lundha, Gem, katika vuguvugu lililoitwa Piny Owacho, likiongozwa na vijana waliosomeshwa na wamishonari, wengi wao Maseno, akiwemo Jonathan Okwiri. Pamoja na kupinga kipande na kodi, walidai hatimiliki. Nadhani hili ndilo jambo linalostahili kukaliwa muda mrefu zaidi katika zoezi zima: chombo kilichotumika kuwanyima watu ardhi ndicho walichokitaka wao wenyewe kiwalinde, na kikundi chako kikishindwa kukubaliana kama huo ulikuwa ushindi au kushindwa, basi kazi inakwenda vizuri.

Ili ujue urithi wa kweli unavyothibitishwa, linganisha na mfano ambao ushahidi wake ni mwepesi kupatikana. Chini ya katiba iliyotangulia, waziri wa Kenya alikuwa pia mbunge, kama ilivyo London. Ibara ya 152 ya Katiba ya 2010 inakataza waziri kuwa mbunge, kama ilivyo Marekani. Ukiuliza Marekani waliutoa wapi utengano huo, jibu limeandikwa: mwaka 1788 James Madison, akiitetea katiba mpya katika makala ya 47 ya mfululizo wa Federalist, alimtaja Montesquieu, mwanafalsafa wa Ufaransa, kwa jina kama mamlaka kuu katika jambo hilo. Montesquieu naye alikuwa ameandika mwaka 1748 akidhani anaeleza serikali ya Uingereza, ilhali mawaziri wa Uingereza walikuwa wakikaa bungeni wakati huo huo. Kwa hiyo mpangilio unaoutenganisha ubunge na uwaziri jijini Nairobi unatokana, kwa sehemu, na Mfaransa aliyeielewa London vibaya. Hapo tuna jina, mwaka na nukuu. Tunaporuhusiwa kusema "fikra hii ilitoka kwa fulani", iwe kwa ushahidi wa kiwango hicho.

Vitu vingine vinaweza kufuatiliwa kwa namna hiyo hiyo, na nitavipitia kwa haraka. Haki ya aliyekamatwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na katazo la mateso, yakupeleke kwa Cesare Beccaria wa Milan na kitabu chake cha 1764 kuhusu uhalifu na adhabu. Kanuni ya adhabu ya India ya 1860, iliyotumika hapa hadi 1930, iliandikwa na tume ya Macaulay, na nyuma yake kuna mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, ambaye mifupa yake iliyovalishwa nguo ingali inaonyeshwa University College London. Simu inayotuma pesa inafanya kazi kwa mantiki ya George Boole, aliyefundisha Cork na kuchapisha kitabu chake mwaka 1854 bila kuwaza mashine yoyote ya namna hiyo. Claude Shannon ndiye aliyeonyesha mwaka 1937 kwamba mantiki hiyo yaweza kuendesha saketi za umeme.

Imebaki hatua ambayo vitabu vingi huiruka, yaani kumweka mtu wa hapa katika meza moja na hao. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Siaya mwaka 1944 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikataa dai kwamba falsafa haiwezi kuwapo pasipo maandishi. Alikwenda kwa wazee, akawauliza maswali, akawabishia, akitaka kutofautisha mzee anayerudia tu desturi na yule anayeipima desturi kwa akili yake. Mazungumzo hayo aliyachapisha mwaka 1990. Mmoja wa waliohojiwa, Paul Mbuya Akoko, alieleza umiliki kwa namna inayomjibu Locke moja kwa moja ingawa hakuwa akimjibu. Ujamaa wa Waluo wa zamani, alisema, haukuwa kugawana mali kiholela. Mwenye ng'ombe aliwapa wasio nao wamtunzie, nao wakanufaika, lakini ng'ombe hawakuacha kuwa wake. Haki ya mwenyewe ilibaki, na pamoja nayo wajibu ambao hakuna rejista inayouandika.

Mkienda kumhoji mzee kuhusu ardhi, fanyeni kwa utaratibu huo. Ombeni ruhusa kupitia kwa mtu wa nyumbani kwake, ongeeni kwa lugha anayoijua zaidi, na mwacheni amalize kueleza desturi ilivyo kabla ya kumuuliza kama anaikubali, kwa sababu swali la pili likitangulia atadhani anakosolewa. Muulizeni kwa heshima: "Mzee, na kama mwenye shamba anakufa bila mtoto, desturi inasema hivi, wewe unaonaje?" Jibu la "wewe unaonaje" liandikwe neno kwa neno katika lugha yake, tafsiri iwekwe kando na si mahali pake, na nakala ya kwanza iachiwe familia.